Namna Kangaruu Alivyofika Ziwa Nakuru

Wajukuu wangu mnaotaka kuishi kwa kuchora, namshukuru Mungu kwamba bado ninaona vizuri kiasi cha kuwaandikia haya kwa mkono wangu. Mmeniuliza mara nyingi, kanisani na hata njiani nikienda kununua maziwa, kazi ya kuchora vitabu vya watoto ni kazi ya namna gani. Nimekuwa nikiwajibu kwa kifupi kwa sababu jua huwa kali na maziwa huharibika. Leo mvua inanyesha hapa mtaani kwetu Section 58, siwezi kwenda popote, na nina nafasi ya kutosha.

Nilichora wanyama karibu maisha yangu yote ya kazi. Watu nilijaribu mara moja tu. Nilichora Yusufu na ndugu zake kwa kitabu cha shule ya Jumapili, na wiki iliyofuata akina mama wakaja mmoja mmoja kuniuliza kwa nini yule ndugu anayemsukuma Yusufu shimoni anafanana na mumewe. Ajabu ni kwamba kila mmoja alinionyesha ndugu tofauti. Nikarudi kwa wanyama nikidhani wanyama hawana jamaa. Hapo nilikosea, na mtaona ni kwa nini.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Bwana Pritam, Singasinga mmoja mrefu aliyeandika mabango ya maduka hapa mjini. Yeye mwenyewe hakuwa anakula nyama, lakini bucha nyingi zilimtaka yeye na si mwingine achore ng'ombe ukutani. Ng'ombe wake walikuwa na furaha sana. Niliwahi kumwona mteja akisimama mbele ya bucha, akamtazama ng'ombe wa Bwana Pritam kwa muda, kisha akavuka barabara kwenda kununua maharagwe.

Siku ya kwanza nilifika na penseli mpya masikioni, moja kila upande. Akazichukua zote mbili. "Kijana," akaniambia, "wewe hapana chora mnyama kama wewe hapana ona yeye nakula." Akanituma nyuma ya soko nikakae na mbuzi mchana kutwa, bila penseli. Nilikaa. Yule mbuzi alikula maganda ya ndizi, akala boksi, akala chapati niliyofungiwa na mama, kisha akala gazeti lililofunga chapati. Niliporudi jioni na njaa yangu, Bwana Pritam akanitazama tumbo. "Sasa umeona," akasema, akanirudishia penseli.

Na ni kweli, watoto wangu. Mnyama akisimama tu ni kama jiwe lenye masikio. Akianza kula ndipo tabia yake yote inatoka. Mbuzi anakula kama mtu aliyesikia mwenye shamba anakuja. Ng'ombe anakula kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu. Kuku anakula kama aliyeangusha herini. Kwa hiyo mkitaka kumchora mnyama, anzeni na mdomo, macho yatafuata yenyewe. Kwato zikiwashinda, otesheni nyasi mbele yake. Nyasi ni neema. Nimeficha kwato nyingi mno katika nyasi, na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza.

Rangi nayo isiwadanganye. Ninyi mnachora kwa tableti, rangi mnayoiona ndiyo mnayoipenda. Sisi tulipeleka picha kwa mchapaji na kusubiri kwa imani. Mara ya kwanza nilipochora heroe, yaani wale ndege wa ziwani mnaowaita flamingo, walirudi kutoka mashineni wakiwa na rangi ya soseji. Mtoto mmoja akamwuliza mwalimu wake kwa nini soseji zimesimama majini. Tangu siku hiyo nilichanganya waridi na chembe ya manjano, na soseji hazikurudi.

Sasa niwaambie habari ya kitabu changu cha mwisho.

Tulikuwa na kampuni ndogo ya kuchapisha vitabu vya watoto mjini, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mhariri wetu alikuwa Bwana Wekesa, mtu mpole ambaye hakupenda kabisa kugombana. Mtu akimkanyaga, yeye ndiye aliyesema pole. Asubuhi moja akaja mwalimu kutoka shule moja ya msingi upande wa Njoro, jina lake Mwalimu Jerusha, ameshika hadithi aliyoiandika mwenyewe. Aliiweka mezani lakini hakuifungua. Alitueleza kwanza habari ya mtoto.

Mtoto huyo aliitwa Cherotich, wa darasa la pili. Alizaliwa na mikono mifupi, inayoishia karibu na kiwiko, na vidole vidogo visivyofika mdomoni. Nyumbani alikula kwa mguu. Alishika kijiko kwa vidole vya mguu wa kulia, akala uji bila kumwaga hata tone, na hakuna aliyeona ni jambo. Lakini shuleni, tangu alipoanza, alikuwa hajala chakula cha mchana, ile githeri ya mahindi na maharagwe, hata siku moja.

"Githeri ikiletwa anasema ameshiba," Mwalimu Jerusha akasema. "Ameshiba nini, mzee? Anatoka nyumbani alfajiri. Saa nane akishika kitabu kwa mguu, ule mguu unatetemeka kwa njaa. Juzi amelala juu ya dawati nikadhani ni usingizi, kumbe amezimia. Sasa mama yake anasema heri abaki nyumbani kuliko afe shuleni. Nimemwomba anipe muda kidogo. Ameniambia mpaka muhula uishe."

"Na kitabu kitafanya nini?" Bwana Wekesa akauliza kwa upole.

"Sijui," akasema. "Nimejaribu kuwachapa wanaomcheka, lakini sijampata hata mmoja anayecheka. Nimejaribu kumwombea. Kimebaki kitabu."

Basi tukaisoma. Ilikuwa hadithi ya ngiri na heroe wa Ziwa Nakuru. Ngiri, kama mnavyojua, hapigi magoti kwa sababu ya ibada. Shingo yake ni fupi, hawezi kufika nyasi akiwa amesimama, hivyo anakunja miguu ya mbele na kula akiwa amepiga magoti, sehemu ya nyuma ikiwa juu. Heroe naye anakula kichwa kikiwa juu chini, mdomo umegeuzwa kama kijiko kilichoanguka. Katika hadithi, wanyama wengine wakiongozwa na fisi wanamcheka ngiri mpaka anaacha kula, kisha heroe anakuja kukaa naye, na hao wawili wanakula kila mmoja kwa namna yake. Ni hadithi fupi, na niliipenda.

Nilikwenda kwenye uzio wa mbuga kumwona ngiri akila, maana kanuni ya Bwana Pritam haikufa naye. Ili nimwone vizuri usoni ilibidi nami nipige magoti. Askari wa mbuga akaja upande wa pili wa waya.

"Mzee, unaomba ama umepoteza kitu?"

"Ninachora."

Akamtazama ngiri, akanitazama mimi, sote wawili tumepiga magoti tukitazamana kupitia waya. "Sawa," akasema, "mkimaliza msiache takataka." Niligundua kwamba ngiri ana sugu magotini kubwa kuliko za mchungaji yeyote niliyewahi kumjua, na nikazichora kwa heshima.

Picha zikaisha, zikaenda kwa kamati.

Hapa lazima niwaeleze desturi yetu. Sisi wa Bonde la Ufa tulishajifunza kwa machungu kwamba neno dogo linaweza kuchoma nyumba. Kwa hiyo kitabu cha watoto hakikutoka kwetu kabla ya kusomwa na kamati ya wazee wa pande zote, ili pasiwe na mtu wa kuudhika. Kamati ilikaa katika ukumbi mmoja kule Milimani, na ililishwa vizuri, wali, chapati na nyama, ili wasikasirike kwa njaa. Safari hii walikuwa watatu. Mzee Kiplagat, mkulima mstaafu wa ngano. Mama Nyambura, wa chama cha akina mama wa kanisa. Na Bwana Karim, mwenye duka la vitabu, ambaye babu yake alifungua duka hilo hilo mahali pale pale.

Mzee Kiplagat akafungua ukurasa wa kwanza, akaufunga.

"Huyu fisi," akasema.

"Ana shida gani, mzee?" Bwana Wekesa akauliza.

"Mimi sina shida na fisi. Fisi ni mnyama wa ukoo wetu. Kwetu kila ukoo una mnyama wake, na wetu ni fisi. Lakini huyu anacheka."

"Fisi hucheka, mzee."

"Hucheka mambo yake. Anamcheka aliye dhaifu? Fisi wa kwetu hawezi. Mtoto wangu akisoma hii atauliza, baba, sisi ndio hawa?"

Bwana Wekesa akaandika, fisi atoke. Nikapendekeza nyani.

Mzee Kiplagat akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Nyani ni wakwe zangu. Nikikubali nyani acheke, ile nyumba nitalala wapi?"

Nikapendekeza chura. Chura alikuwa mnyama wa ukoo wa mwenyekiti wa halmashauri ya shule ile ile ya Cherotich. Tembo alikuwa wa ukoo wa daktari wa meno wa Mzee Kiplagat. Mama Nyambura akasema wachukue jogoo, jogoo hana ukoo. Bwana Karim akakohoa na kusema kwamba jogoo ni alama ya chama, ni siasa, na mwaka huo hakutaka siasa kwenye dirisha la duka lake. Tukapita kwa kunguru, nyuki, na mamba. Kila mmoja alikuwa na wenyewe. Niliwaza juu ya Nuhu, jinsi Mungu alivyomrahisishia kazi kwa kutompa kamati. Angepewa hii yetu, mvua ingeanza kunyesha bado tunajadili kama kobe apande kabla ya sungura.

"Tunataka mnyama asiye na jamaa Kenya nzima," Bwana Wekesa akasema mwishowe, akifuta jasho. "Wa ng'ambo. Kangaruu."

Kila mtu akatafuta akilini kama anamjua mtu anayehusiana na kangaruu. Hakuna.

"Kangaruu acheke," Mzee Kiplagat akasema. "Huyo acheke mpaka achoke."

"Lakini kangaruu anafanya nini Ziwa Nakuru?" akauliza Mwalimu Jerusha, aliyeruhusiwa kukaa nyuma asikilize.

"Ni mtalii," Bwana Karim akasema.

Hivyo ndivyo kangaruu alivyoingia. Mimi sikuwa nimewahi kumwona kangaruu akila. Mjukuu wangu alinionyesha mmoja kwenye simu, na namshukuru, lakini yule kangaruu alikuwa amelala ubavu akijikuna tumbo kama mwanamume baada ya chakula cha Jumapili. Niliona kichwa na mkia. Uzito wake sikuupata. Simu haina uzito, ndiyo maana mnyama mnayemchora kutoka simuni huonekana kama ameelea kidogo juu ya ardhi. Mkumbuke hilo. Nikamwambia Bwana Wekesa kwamba kwa kuwa wazo lilikuwa lake, na mapaja alikuwa nayo, atanisaidia.

Alikubali kwa sababu hakujua kukataa. Akachuchumaa kwenye veranda ya ofisi, akakunja mikono kifuani, viganja vikining'inia, akaanza kutafuna majani ya sukumawiki niliyomletea. Halafu nikamwomba aruke kidogo. Aliruka kutoka mlangoni mpaka kwenye pipa la maji, mdomo umejaa sukuma, tai ikipiga bega. Aligeuka akakuta Mama Nyambura amesimama langoni na bahasha ya maoni yake.

Mama Nyambura aliiweka bahasha chini kwa taratibu, kama mtu anayemwachia mbwa mkali chakula, akaondoka kinyumenyume.

Katika bahasha aliandika kwamba miguu ya heroe ni mirefu sana na iko wazi, na kwamba kitabu hiki kitaingia nyumba za wacha Mungu. Aliomba sketi. Nilimchorea heroe sketi ndefu ya samawati. Akawa kama mwavuli uliofungwa. Bwana Karim naye, kwa adabu zake zote, alinipigia simu. "Mzee wangu, mimi sina maneno na ngiri. Ni kiumbe cha Mungu. Lakini mteja atapita, ataona nguruwe dirishani kwangu, na kitabu ameshika mtoto. Na si mimi peke yangu, uliza hata majirani zako wanaosali Jumamosi. Huwezi kumfanya kondoo?"

"Kondoo hapigi magoti akila, Bwana Karim."

"Mfundishe."

Nilicheka, lakini nilipokata simu sikucheka tena. Kitabu kilikuwa kimebaki na kondoo asiye na shida yoyote, ndege aliyevaa sketi, na mtalii kutoka Australia anayecheka bila sababu. Muhula ulikuwa unakaribia kuisha. Mwalimu Jerusha alikuja kutazama, kisha akasema, "Mzee, mama yake ameshaandika barua ya kumtoa Cherotich shuleni muhula ujao. Bado hajaipeleka kwa mwalimu mkuu, lakini iko tayari." Akaingiza picha mkobani. "Kamati inakaa lini tena?"

"Alhamisi."

"Nitakuja naye."

Nia yake ilikuwa njema na mimi niliiona wazi. Mtoto akae mbele ya wazee, aone picha ya kwanza ya ngiri akipiga magoti, macho yake yajae machozi, na kamati ilegee. Nilisali iwe hivyo. Nimejifunza katika uzee kwamba Mungu husikia maombi ya namna hiyo kwa uvumilivu mkubwa, halafu hufanya lake.

Alhamisi Cherotich akaja na sare ya shule na kandambili. Alikuwa mdogo kuliko nilivyowaza na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyowaza. Akawasalimu wazee wote, shikamoo, shikamoo, akakaa kitini. Mwalimu akatandaza picha zote mezani, za zamani na zile mpya.

"Angalia, Chero. Huyu ngiri anakula kwa kupiga magoti. Unaona? Anakula tofauti, kama wewe."

Cherotich akamtazama ngiri wangu, mwenye sugu zote zile nilizozichora kwa heshima.

"Huyu si mimi," akasema. "Mimi sipigi magoti. Na ako na pua mbaya."

Bwana Karim akatazama dari.

"Huyu je, heroe?"

"Kwani huyu amevaa nini? Ataanguka kwa maji."

Mama Nyambura akarekebisha kilemba chake. Mtoto akaendelea kupitia picha, akisukuma moja moja kwa dole gumba la mguu wa kulia, kandambili imebaki sakafuni. Akasimama kwenye ukurasa wa kangaruu. Akainama. Akatazama sana.

"Huyu ni nani?"

"Huyo ni kangaruu," Mwalimu Jerusha akasema haraka. "Huyo ndiye mbaya, anacheka wenzake. Huyo wachana naye."

"Lakini ona mikono yake. Ni ya bure kama yangu." Akaweka dole gumba juu ya picha. "Na ona miguu. Hii miguu inaweza kubeba sufuria. Inaweza kupiga mtu mpaka Njoro. Mimi nataka kuwa huyu."

"Chero, huyo hayuko Kenya," mwalimu akasema.

"Si ameshakuja?"

Na kweli alikuwa ameshakuja, na sisi ndio tuliomleta. Bwana Wekesa alikohoa. "Sasa kangaruu akiwa ndiye mwenye kula tofauti," akasema, "basi nani atamcheka? Tumerudi palepale." Akamtazama Mzee Kiplagat kwa hofu.

Ndipo mtoto akasema jambo ambalo sijalisahau. Hakulisema kwa kulia. Alilisema kama mtu anayemrekebishia mwingine njia ya kwenda dukani. "Lakini hakuna mtu hunicheka."

"Hawakucheki?" mwalimu akauliza.

"Hapana. Wananiangalia. Nikitoa kiatu tu, wote wananyamaza. Kijiko kinabaki hewani, hivi. Brayo anasahau kutafuna. Githeri iko kwa mdomo wazi na mimi naona mahindi. Mtu atakulaje na mahindi ya mtu mwingine yanamwangalia?"

Wakati huo chakula kilikuwa kimeshaletwa. Nilitazama meza. Mzee Kiplagat alikuwa na kijiko cha wali hewani. Mama Nyambura alikuwa na chapati nusu mdomoni. Bwana Karim alikuwa ameshika glasi ya maji bila kunywa, na sote tulikuwa tukiutazama ule mguu juu ya meza. Mzee Kiplagat akajiona. Akateremsha kijiko polepole.

"Kuangalia," akasema. "Hiyo fisi anaweza. Fisi wa kwetu kuangalia anaangalia, hata sibishi."

"Na nyani?" nikauliza.

"Nyani wanaangalia sana. Hao wakwe zangu, ukienda kula kwao, hawabandui macho."

Basi wote wakarudi. Fisi akarudi, nyani, chura wa mwenyekiti, tembo wa daktari wa meno, kunguru, nyuki, hata jogoo, kwa sababu Bwana Karim alisema jogoo anayetazama tu hana chama. Heroe akavuliwa sketi kwa idhini ya Mama Nyambura mwenyewe, aliyesema kwamba ndani ya maji miguu haionekani vizuri hata hivyo. Ngiri nilimweka nyuma ya nyasi, na katika kila ukurasa unaona mkia wake tu, umesimama wima. Ninyi mnaopenda kutafuta vitu vilivyofichwa pichani, huyo ni yeye, anaendelea kula.

Nilichora usiku na mchana. Kumchora mnyama anayecheka ni rahisi, unafungua mdomo na kunyanyua mashavu. Kumchora anayekodoa macho bila ubaya ni kazi. Ukizidisha macho anakuwa mchawi. Siri iko mdomoni, ulegee kidogo, na chakula kionekane bado hakijatafunwa. Niliwachora wote wakiwa wamesimamisha milo yao hewani, ziwa zima limenyamaza, na katikati kangaruu ameshika kijiko kwa mguu, hajui afanye nini. Kurasa mbili zilizofuata sikuchora fisi akitubu wala nyani akiomba msamaha. Mwalimu Jerusha aliandika upya kwamba heroe, ambaye yeye mwenyewe hula kichwa chini, alisogea karibu na kuuliza, "Hiyo unafanyaje? Nifundishe." Akajaribu, akajimwagia. Fisi akaona, akataka kujaribu pia. Mwisho wa kitabu ni wanyama wa koo zote za Bonde la Ufa wakiwa wamekaa chini, miguu hewani, wanamwaga chakula, na kangaruu anawakosoa.

Bwana Wekesa aliuliza mafundisho yapo wapi. Mzee Kiplagat akamwambia ayaache, watoto watayaokota chini pamoja na chakula.

Vitabu vya kwanza vilitoka bado muhula una siku chache. Mwalimu Jerusha alikwenda na vyake shuleni kabla ya chakula cha mchana, akawasomea darasa la pili. Mimi nilikaa nyumbani na simu mapajani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nilikuwa hata nimejiandaa kumshukuru Mungu kama ingeshindikana, na mnajua hilo si jambo dogo.

Simu ikalia.

"Mzee, umeniharibia darasa," Mwalimu Jerusha akasema.

"Nimefanya nini, mwalimu?"

"Githeri iko kwa ukuta. Iko kwa nywele. Wametoa viatu wote, harufu ya soksi hata siwezi kukuelezea. Mwalimu mkuu amekuja mbio kuuliza kama kuna ugonjwa umeingia. Wako chini wote, miguu juu, maharagwe yanaruka kama mvua ya mawe."

"Na Cherotich?"

Hakunijibu. Nilisikia simu ikisogezwa, kelele nyingi za watoto na vijiko vikianguka sakafuni, na juu ya kelele hizo ile sauti kubwa niliyoisikia Milimani.

"Wewe Brayo, si hivyo. Kidole kikubwa juu, hicho kingine chini. Usiniangalie mimi, angalia kijiko."

Maneno yalikuwa yanatoka kwa shida, yamekatikakatika, na mwanzoni nilidhani ni mtandao wa huko Njoro. Nikabana simu sikioni. Haikuwa mtandao. Mtoto alikuwa anaongea huku mdomo wake umejaa githeri.

Mwalimu Jerusha akarudi kwenye simu, akauliza kwa sauti ndogo kama amkataze kuongea wakati anakula, maana si adabu.

Nikamwambia amwache.